Ngamia Hashuki Bei

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nne asubuhi, kwa hiyo makubaliano yangu na Dada yameanza rasmi. Nayaandika hapa asije akanigeuzia maneno baadaye, maana namjua.

Dada kanimegea nusu ya duka lake la mapazia: upande wa kulia, kuanzia nguzo mpaka dirisha kubwa la barabarani. Ni yangu mpaka mvua ziishe. Mvua zikiisha watu wanahamia nyumba mpya, wanapaka rangi kuta, na mapazia yanataka nafasi yote. Siku hiyo boksi zangu arobaini zikiwa zimeuzwa zote, nabaki na nusu yangu. Ikibaki hata moja, nafungasha virago. Tumepeana mikono, na Fundi wake wa cherehani akashuhudia huku kabana pini mdomoni.

Boksi hizo arobaini ndizo kiinua mgongo changu chote. Miaka kumi na sita nimekata tiketi kwenye jumba la sinema. Jumba likafungwa, wakanipa bahasha na kunishukuru kwa utumishi mwema. Wenzangu walinunua viwanja. Mimi nikanunua mashine za gemu. Haya, cheka. Dada alicheka mpaka akashika nguzo.

Mashine yenyewe ni nyeupe, ina nundu mgongoni pale unapoingiza CD, basi mtaa mzima wanaiita Ngamia. Kuna ile nyeusi ya kampuni kubwa, ambayo kila mtu anaijua na kila mtu anaitaka. Ngamia, wanasema, ana kasoro moja: gemu zake zote zinataka watu wawili waliokaa chumba kimoja, kila mtu na kishikio chake. Hakuna kucheza peke yako, hakuna kucheza na mtu wa ng'ambo. Kwangu mimi hiyo si kasoro. Nimewaona watu wakiingia sinema wawiliwawili miaka kumi na sita na sikumsikia aliyelalamika.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna kitu. Dada kauza mapazia ya nyumba nzima, vyumba sita, na akahakikisha nimesikia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeuza! Mzee wa Posta, yule aliyetupelekea barua mtaa huu mpaka alipostaafu, aliingia kukwepa mvua. Nikampa kishikio kimoja, nikashika kingine, nikamwekea ile gemu ya kubeba kabati: watu wawili wanapandisha kabati kwenye ngazi, mmoja mbele, mwingine nyuma, na mkipishana hatua linaporomoka. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Nimechoka na redio," akasema. "Inaongea yenyewe, haikuulizi kitu."

Kalipa bei kamili, hakubembeleza hata senti. Nikamfungia boksi kwenye plastiki ya Dada ya kufungia mapazia. Halafu mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye droo, ukatoa rola la tiketi nililotoka nalo sinema, ukakata moja katikati. Nusu nikampa, nusu nikabaki nayo. Mazoea yana taabu. Mzee akaiangalia, akaitia mfukoni kwa heshima zote.

Jumatano, 13 Machi

Kaja wakala wa kampuni. Huyu ni mtu mzima anayevaa tai nyekundu hata joto liwe la kuyeyusha mshumaa, na hapa tunamwita Bwana Tai. Kaja na stika. Bei ya Ngamia imeshuka robo, na kila boksi linapata gemu ya ziada.

"Bandika juu ya ile ya zamani," akasema. "Mteja akiona kitu kimeshuka, anakikimbilia."

"Na faida yangu inakimbilia wapi?"

"Mama, usipofuata bei ya kampuni, waranti tunaiondoa dukani kwako."

Nimebandika. Roho inaniuma, lakini nimebandika.

Jumamosi, 16 Machi

Ukweli usemwe: zimetoka tatu tangu juzi. Nilikuwa naanza kumsamehe Bwana Tai, mara Mwalimu wa Udereva akaingia na sauti yake ya kufundishia. Yeye alinunua Jumanne kwa bei kamili. Jumatano ikashuka.

"Kwa hiyo mimi ni mjinga?" akauliza. "Niambie tu. Mimi ndiye mjinga wa Jumanne?"

Nikamrudishia tofauti kutoka pochi yangu mwenyewe. Dada alikuwa nyuma ya mapazia yake, anajifanya anahesabu ndoano.

"Utawarudishia wangapi?"

"Wote."

"Umerogwa," akasema.

Ijumaa, 22 Machi

Stika nyingine. Safari hii bei imeshuka tena, na kifurushi kina hedifoni. Hedifoni moja, kwa mashine ya watu wawili! Na aliyewaza hilo mwisho wa mwezi anapokea mshahara.

Mama mmoja kaja na shoga yake. Ana kucha ndefu. Akaifukunyua stika ya juu, akaikuta ya pili, akaifukunyua, akaikuta bei ya mwanzo. "Ilikuwa hivi, ikawa hivi, sasa hivi," akamwambia mwenzake. "Mwezi ujao watatugawia bure. Twende zetu, subira yavuta heri."

Kumbe ndivyo ilivyo. Kila stika ninayobandika inamwambia mtu asubiri ya kesho. Nilikuwa bado namwangalia anavyovuka barabara, Dada akatupa neno lake kutoka upande wa pili: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Sikumsemesha mpaka tulipofunga duka.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Hakuna mtu.

Alhamisi, 28 Machi

Kifurushi kipya: mashine, gemu mbili, hedifoni, begi la mgongoni na mwavuli mweupe wenye jina la kampuni. Mvua ya leo ni ya kumwaga kwa ndoo. Wameingia watu kumi na saba, na wote wana swali moja: "Mwavuli peke yake bei gani?"

Wa kumi na saba nikamwambia mwavuli peke yake ni bei ya mashine, na mashine anapewa bure. Akafikiri. Akanunua! Nikaandika hivyo kwenye kibao, nikauza nyingine mbili kwa maneno hayohayo. Fundi kacheka mpaka kajichoma sindano. Dada hakucheka, lakini nilimwona akiuma mdomo.

Jumanne, 2 Aprili

Ng'ambo ya barabara kuna duka la simu la jamaa tunayemwita Bei Poa, kwa sababu hilo ndilo neno pekee analolijua. Leo naye kashusha Ngamia kumi na kipaza sauti kimoja. Kutwa nzima: "Ngamia bei poa! Ngamia bei poa!" Paa letu linavuja juu ya boksi zangu. Nimezifunika na pazia ambalo Dada ananiambia ni la sebuleni na lina bei yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Hili naliandika lote.

Mzee wa Posta kaja leo asubuhi. Ngamia wake kamfunga kwenye mifuko ya nailoni mitatu, kama kifurushi cha rejista. Nikajua yamenifika. Kasikia bei imeshuka, kaja kudai. Nikashika pochi kabla hajafika kaunta.

"Shikamoo Mzee. Najua kilichokuleta. Nakurudishia tofauti yako sasa hivi."

"Marahaba mwanangu. Tofauti ya nini?" Akaiweka mashine mezani taratibu. "Nimekuja kuungama. Nimeiharibu."

Sikumwelewa.

"Siku ile mvua ilinipiga njiani, nadhani maji yaliingia. Nilipofika nyumbani ikawaka vizuri tu. Wale watu wa kabati wakaja. Kisha ikaganda. Maandishi ya kigeni yakatokea, yanawaka, yanazima, yanawaka, yanazima. Nikaikausha karibu na jiko. Nikaizika kwenye mchele siku mbili. Kila jioni naiwasha, nakaa naisubiri. Haiendi."

"Kila jioni? Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile. Niliona haya kuja. Umeniuzia kitu kizima, nimekiua mwenyewe."

Wiki nne! Nikaiunganisha na tivii ya dukani. Ikawaka. Wale watu wawili wakatokea chini ya ngazi. Mmoja kashika kabati, yuko tayari. Mwenzake kasimama tu, mikono chini. Na katikati ya kioo yale maandishi, yanawaka na kuzima. Nikayasoma: *Inasubiri mchezaji wa pili.*

"Mzee," nikamuuliza, "nyumbani unakaa na nani?"

"Nakaa na redio."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi, mwenye mdomo wote huu, niliyejisifu kwamba mashine ya watu wawili haina kasoro, nilimuuzia mtu mmoja. Siku ile kishikio cha pili nilikishika mimi. Akacheka, nikachukua pesa yake, na sikumuuliza huko aendako nani atakishika. Mwezi mzima kakaa mbele ya kioo anajilaumu kwa mvua.

Dada akatoka kwenye mapazia, futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni. Kasikia yote, kama kawaida yake. Akakinyanyua kile kishikio cha pili kama anayenyanyua pasi ya moto.

"Hilo kabati linakwenda wapi?"

"Ghorofa ya tatu," akasema Mzee.

"Haya, shika mbele. Na usiniegemezee mimi uzito wote, nina mgongo mbovu."

Waliliangusha mara kumi na moja. Dada alitoa maneno ambayo mama yetu angemsikia angemlamba makofi. Mzee akawa anamwelekeza kipole, "Kushoto, mama, kushoto, subiri kona," kwa ile sauti ya mtu aliyepanda ngazi za watu miaka thelathini. Wateja wawili wa mapazia wakasimama kungoja, wakaishia kushangilia. Mara ya kumi na mbili kabati likafika. Mzee akaweka kishikio chini, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Kumbe ilikuwa nzima," akasema.

Nikamlilia palepale, mtu mzima mimi. Nikamsukumia pesa, akazirudisha: "Sikuja kwa ajili ya pesa, binti." Nikaenda kwenye droo kutafuta ile nusu ya tiketi yake, angalau nimpe kitu. Dada akaninyang'anya mkononi, akaichomeka ndani ya blauzi, pale anapoweka pesa za maana.

"Jumatatu saa tisa," akamwambia Mzee. "Kuna gemu nyingine ya kuvusha kitanda mtoni. Nimeiona kwenye boksi."

Jumatatu, 8 Aprili

Saa tisa. Kitanda kimezama mara saba.

Jumatano, 10 Aprili

Dada kamwambia mteja asubiri. Dada! Mteja!

Jumatatu, 15 Aprili

Bwana Tai kaja amelowa chapachapa, hana kifurushi, hana stika, ana barua tu. Kampuni haitengenezi Ngamia tena. Kiwanda kimefungwa. Kuanzia leo bei ni nusu, na waranti inakufa mwisho wa mwezi.

"Uza haraka," akaninong'oneza. "Kabla habari haijasambaa."

"Yaani niwauzie watu maiti bila kuwaambia kafa?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vinatoa maji kwenye nyuzi.

Alipoondoka, Dada akavuta stuli. Nilijua mambo ni mazito, kwa sababu Dada hakai saa za kazi. Bado zimebaki boksi ishirini na tisa. Kanisihi niziuze zote kwa nusu, leo, nipate hata kipande cha kiinua mgongo changu. "Heri nusu shari kuliko shari kamili, mdogo wangu." Sikusikia kejeli hata kidogo kwenye sauti yake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kejeli zake ningeziweza.

"Sishushi," nikasema. "Jumba letu la sinema halikushusha bei hata siku moja. Hata siku ile walipoingia watu sita."

"Ndiyo maana likafungwa."

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunitamkia hilo usoni.

"Halikufungwa kwa sababu ya bei," nikamjibu. "Lilifungwa kwa sababu kila mtu alijifungia na kioo chake mwenyewe. Ungetoa tiketi bure wasingekuja. Na hawa wa kampuni ni walewale. Wameshusha bei mara ngapi? Wameongeza gemu, hedifoni, begi, mwavuli. Nani kanunua akafurahi? Mzee wa Posta alilipa bei ya kwanza, akakaa mwezi mzima anasubiri. Alichokosa ni mtu tu, Dada. Mtu wa pili. Kampuni nzima na makoti yao hawakulifikiria hilo."

"Na wewe ndiye utakayewaletea watu hao wa pili?"

"Ndiyo."

"Zikikubakia je?"

"Nitafungasha kama tulivyokubaliana. Lakini sitamfanya mtu mjinga wa Jumanne tena."

Akasimama, akarudisha stuli mahali pake. "Kichwa chako kigumu kama cha baba," akasema, na akaenda kukata kitambaa.

Naogopa. Naliandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitalisema. Nina miaka arobaini na tatu, na vyote nilivyo navyo viko chini ya paa linalovuja.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeshinda nabandua stika kwa kitambaa cha maji moto na kisu butu. Kwenye boksi nyingine zilikuwa tano, moja juu ya nyingine, nene kama soli ya kandambili. Chini kabisa, bei ya kwanza. Nikaiacha hiyo.

Kisha nikaandika ubao na kuusimamisha dirishani:

NGAMIA HATENGENEZWI TENA. NG'AMBO YA BARABARA ANAUZWA NUSU, NENDA UKAANGALIE. HAPA BEI NI ILE YA KWANZA. UNAPATA MASHINE, GEMU ZA KUBADILISHANA, NA MTU WA KUCHEZA NAYE. IKIHARIBIKA NILETEE MIMI.

Dada kausoma mara mbili. "Umemtangazia Bei Poa biashara, tena bila malipo."

"Na mteja aone vizuri anachochagua," nikasema.

Bei Poa mwenyewe kavuka kuja kuusoma. Kacheka, kanipa pole. Nikamwambia pole akampe mama yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku nne bila kuuza. Leo kaingia nesi wa zamu za usiku, macho mekundu. Kausoma ubao wote, kisha akauliza kile ambacho nimekingoja tangu Jumanne: "Huyo mtu wa kucheza naye ni nani?"

"Wewe una nafasi saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Saa ambayo mtu mwenye akili timamu yuko kazini. Mimi natoka kazini kila mtu ndiyo anaingia. Sina hata wa kugombana naye."

Juzi mwoka mikate wa kona ile alinilalamikia maneno hayohayo: naye humaliza kazi alfajiri, jua likichomoza yeye hana mwenzake. Nikamwambia nesi asubiri. Nikatoka mbio na mwavuli wa kampuni, nikarudi na mwoka mikate akiwa bado na unga kwenye nyusi. Nikawakalisha. Nikawawekea ile gemu ya kuvusha kitanda mtoni. Nesi ni mkali, mwoka mikate ni mwoga, wakagombana kama waliozaliwa pamoja.

Kanunua nesi, na mwoka mikate naye kanunua. Bei ya kwanza. Nikakata tiketi moja katikati, nusu kwa nesi, nusu kwa mwoka mikate, iwe alama kwamba sasa ni wawili. Mbili kwa asubuhi moja! Fundi kapiga makofi. Dada kasema, "Bahati," lakini yeye ndiye aliyewaletea viti.

Jumanne, 23 Aprili

Mbili tena. Mwalimu wa Udereva kaleta mwanafunzi wake aliyefeli mtihani mara tatu. Wanasema wamekuwa marafiki. Barabara imekuwa mto.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo nimeaibika, na nilistahili.

Bei Poa kamaliza zake kumi, kwa nusu, na kipaza sauti sasa kinaimba makava ya simu. Basi wamekuja watu watatu na Ngamia walizonunua kwake. Wanataka tiketi. Wanataka mtu. Nikawaka.

"Nendeni mkamwambie Bei Poa acheze na nyinyi! Mlipoona nusu mliruka kama panzi, sasa mnakuja kuchukua kilicho changu?"

Wawili wakaondoka wakinung'unika. Wa tatu, dada mmoja anayefua nguo za watu, akabaki. Hakupandisha sauti. "Mimi sikuruka," akasema. "Nilinunua kwa nusu kwa sababu nilikuwa na nusu. Mama yangu haondoki kitandani. Nilitaka nicheze naye, lakini vitufe vinamshinda. Nikasikia hapa kuna mtu."

Dada akaniangalia, mimi nikaangalia sakafu.

Nikamkatia tiketi. Nikatoka mvuani kuwakimbilia wale wawili, nikawakuta kwenye kituo cha mafuta, nikawaomba radhi mbele za watu. Tiketi ni za kila mwenye Ngamia, kokote alikomnunua. Nimeliongeza hilo kwenye ubao. Mchana Mzee wa Posta kachukua mwenyewe nusu ya ile ya dada wa kufua: atakuwa anakwenda kwao Jumatano, mama atazame na kuwatukana wakiangusha. Mzee anasema kutukanwa kumemsaidia sana mwezi huu.

Jumamosi, 4 Mei

Kaingia mtu nikamwambia karibu kama mteja yeyote. Nilipomtazama vizuri, ni Bwana Tai, bila tai. Shingo yake inaonekana ya mtu mwingine kabisa.

"Wameniachisha," akasema. "Mimi na wenzangu wote wa mauzo."

Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Machi, makali, nimeyanoa kila siku. Nikayatafuta sikuyaona. Nikamvutia kiti.

"Miaka mitatu nimeiuza," akasema, "na sijawahi kuicheza. Tulikuwa tunapewa karatasi tu ya kukariri."

Nikacheza naye mimi. Mtu huyu hajui kushoto wala kulia. Tuliangusha kabati mpaka shati lake likalowa jasho, na alipofika ghorofa ya kwanza tu alinyanyua mikono kama aliyeshinda kombe. Kisha akatoa pesa. Nikamwambia kwako wewe ni nusu, chukua. Akakataa katakata.

"Ubao unasema bei ya kwanza. Nimekubandikisha stika za kutosha."

Zimebaki kumi na sita.

Jumatatu, 13 Mei

Nane. Mvua inakuja kwa manyunyu tu, inaondoka. Kila asubuhi nafungua dirisha naangalia mawingu kama mkulima. Sikuwahi kufikiri nitaiombea mvua iendelee.

Alhamisi, 16 Mei

Nesi na mwoka mikate wamegombana kweli, kisha wamepatana. Tano.

Jumatatu, 20 Mei

Jana hakukunyesha. Leo hakukunyesha.

Jumatano, 22 Mei

Tatu. Nimeshinda mlangoni. Tatu.

Ijumaa, 24 Mei

Jua limetoka tangu alfajiri, jua la haki, barabara inafuka mvuke. Mvua zimekwisha. Boksi ziko tatu, juu ya meza, naziona bila hata kuhesabu.

Sikumngoja Dada aseme. Makubaliano ni makubaliano, na mimi sijawahi kulilia mlango uliofungwa. Nilianza kukunja waya. Na kusema kweli hata nesi na mwoka mikate, wanaokuja kucheza hapa dukani kila asubuhi, walikuwa wanahangaika, maana jua lilipiga dirisha kubwa likatua moja kwa moja kwenye kioo, hawaoni kabati wala ngazi. Mwoka mikate alikuwa amesimama na ubao wangu kichwani kumkingia nesi. Nikasema moyoni, basi, hata jua limeshika upande wa Dada.

Dada kaingia saa tatu na futi yake. Hakunisalimu. Akapanda stuli kwenye nusu yangu, akapima dirisha: urefu, upana, akamsomea Fundi namba, Fundi akaandika. Akapima kutoka nguzo mpaka ukutani. Nikasema, "Subiri basi nitoe vitu vyangu. Hata kuku hupewa muda."

"Ondoka kwenye mwanga, naona vibaya," akasema.

Cherehani ikalia mpaka adhuhuri. Nilishamaliza kufunga waya zote isipokuwa za ile tivii ya wachezaji, nimekaa juu ya boksi zangu tatu kama abiria aliyeachwa. Ndipo wakatoka wawili hao wamebeba kitambaa, Fundi mbele, Dada nyuma, "kushoto, subiri kona," kizito, cheusi, tabaka mbili, kile ambacho Dada huwauzia matajiri kwa mita na hakigusi bila kunawa. Wakakitundika dirishani kwangu. Dada akavuta kamba.

Giza likaingia mchana kweupe. Kisha tivii ikawa ndicho kitu pekee chenye mwanga, na nyuso za watu zikatokea mbele yake moja moja, nesi, mwoka mikate, Mzee wa Posta aliyekuwa kawahi saa tisa yake. Tangu jumba lifungwe sijakaa kwenye giza la namna ile. Nilikuwa nimesahau kwamba lina harufu, na kwamba watu wakiwa ndani yake hushusha sauti bila kuambiwa.

"Zimebaki tatu," nikamwambia Dada. Ilibidi niseme. "Tulikubaliana hata moja isibaki."

"Kwani mimi sijui kuhesabu? Moja ni yangu, nimechoka kuazima ya Mzee. Tiketi ninayo." Akapiga kifua pale kwenye blauzi. "Hizo mbili utaziuza. Na usilie kwenye kitambaa changu, hicho hakifuliwi ovyo."

"Kwako ni bei gani, Dada?"

Akanigeukia kwenye giza, nikamsikia anahema kwa hasira ya kweli.

"Mimi ndiye mjinga wa Jumanne? Bei ya kwanza!"

Nikachukua pesa yake yote, mbele ya mashahidi. Kisha nikafungua waya, nikatoka nje na ubao, nikaufuta kwa kiganja na kuandika upya, herufi kubwa kuliko mwanzo: ZIMEBAKI MBILI. BEI NI ILEILE.